Kisirani wa Fainali

Miaka ya tisini timu yetu ya taifa haikututaabisha. Ilikwenda Kombe la Ghuba, ikafungwa mapema, ikarudi nyumbani, na wanaume wa nyumba yetu ya Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa Muscat, wakaendelea kuwatukana waamuzi mpaka mashindano mengine. Mimi ndiye binti pekee, na mpira nilifunzwa na baba. Nilijua kuotea kabla sijajua kupika pilau. Mechi zote nilitazama naye, na kufungwa tukafungwa pamoja, bila ya kinyongo.

Taabu ilianza timu ilipojifunza kucheza. Mwaka mmoja tukafika fainali, fainali ikafika penalti. Nilikwenda jikoni mara moja kuleta birika la kahawa. Naweka tu mguu mlangoni mwa ukumbi, mchezaji wetu akakosa, na kombe likaenda kwa wenzetu. Kaka yangu mkubwa, mhandisi mwenye shahada mbili, hakumlaumu mpigaji. Alinigeukia mimi na birika langu, akasema nina kisirani.

Kwetu sisi tuliotoka Unguja, kisirani hakihitaji ushahidi. Mtu akishatajwa, basi katajwa. Sufuria ikiungua ni yeye, safari ikiharibika ni yeye. Mama alikuwa na mjomba ambaye hakualikwa harusi yoyote kwa kuwa siku ya ndoa moja aliingia yeye, na mvua ikaingia nyuma yake.

Tulipofika fainali tena, nikafungiwa chumbani. Bibi alikaa juu ya mswala na msahafu wake, akiwasomea washambuliaji wetu. Nilimwambia wapinzani nao wana bibi zao, na msahafu ni huo huo. Akanijibu kuwa wale hawasomi kwa moyo. Tukafungwa moja bila. Kaka akaja kunihoji kama askari wa upelelezi: nilichungulia? Nilisikiliza redio? Nikasema nilisikia kelele zao tu ukutani. Kesi ikaishia hapo, kumbe hata masikio yangu yana kisirani. Baba alisimama nyuma yake akivuta tasbihi, asiseme neno. Bao lile halikuniuma. Kimya chake kiliniuma.

Halafu mashindano yakaja kwetu Muscat, na tukafika fainali mara ya tatu. Safari hii kaka alitaka nitoke nyumbani kabisa. Akanichagulia Yiti, kijiji cha pwani nje ya mji, kwa kuwa huko, alivyoamini yeye, kuna samaki wengi na hatuna jamaa mwenye televisheni. Nikamtazama baba.

"Nenda tu, mwanangu," akasema. "Tupate salama."

Nikatoa gari. Kwenye mzunguko wa barabara nikaiacha njia ya Yiti, nikaenda Ruwi, mle mle mjini, kwa mwenzangu wa kazini, Mkenya, ambaye mpira haumhusu ndewe wala sikio. Nilipomweleza kwa nini nimefukuzwa kwetu, alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Kwani ni wewe unapiga hiyo mpira?" akaniuliza.

Nilitazama mwanzo hadi mwisho. Ikaenda penalti tena, na nikakodoa macho makusudi, kila mkwaju. Tukashinda. Nililia, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka, na mwenyeji wangu, asiyejua hata tumecheza na nani, akanisaidia.

Nilirudi taratibu, barabara imejaa honi na bendera. Nyumbani kaka alinibusu kichwani mbele ya watu, akanishukuru kwa subira yangu ya Yiti. Kwa sauti yangu iliyokauka nikawaambia sikufika Yiti, na kwamba nimeiona mechi nzima. Nilimngoja kaka aone haya. Alifikiri kidogo, kama wafikirivyo wahandisi.

"Ndo maana tukafika penalti," akasema. "Ungekwenda Yiti, tungemaliza mapema."

Wote wakatikisa kichwa kukubali, na bibi pia. Ningeweza kumrushia kiatu. Baba akacheka, akasogea, akapiga-piga mahali pa wazi ubavuni mwake.

"Njoo ukae hapa, mwanangu."

Nilikaa, maana nilipatamani mno mahali pale. Lakini alipotaka kunishika mkono niliuvuta. Alikuwa amenisogelea kwa furaha ya kombe, na kombe tulikuwa nalo tayari. Zile siku tulizoshindwa ndizo nilizomhitaji aseme neno.