Barabara ya Safari Moja

Nina hasira za karibu, na barabara mpya ya Tunduma ilinipa sababu kila asubuhi. Ukianika shuka jeupe, unaanua la kaki. Vikombe vinagongana kabatini mchana kutwa. Lakini nikisema niliichukia tu nitakuwa mwongo, maana sijawahi kuona kazi kubwa kama ile. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kiliking'ata kilima mbele ya nyumba ya wazazi wangu siku baada ya siku, mpaka tukaona tumbo la ardhi tuliyoifagia miaka yote: udongo mwekundu, chini yake wa njano, chini zaidi mweupe kama unga. Nilisimama na ufagio mkononi, nikasahau kufagia.

Barabara ilishuka, nyumba ikabaki juu. Mlango wa mbele, aliouchonga baba mwenyewe kwa mbao za mninga, ukawa unafungukia hewani, na chini yake ukuta wa udongo unaozidi urefu wa watu wawili. Msimamizi wa kazi aliahidi ngazi za zege mwishoni. Nilimpasha maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa kama mimi hapaswi hata kuyajua. Tukawa tunapitia mlango wa jikoni, kisha kichochoro cha choo cha jirani, ubavu ubavu.

Baba hakulalamika. Alikuwa mgonjwa, tukamwekea kiti mlangoni na kukaza ubao mbele yake asianguke. Alishinda pale akitazama.

"Binadamu ana mikono, mwanangu," aliniambia siku moja, machozi yakimlengalenga kwa furaha. "Mimi mlango huu mmoja ulinichukua mwezi mzima."

Alifariki Jumanne alfajiri, kitandani kwake. Mchana wanaume wa ukoo walipima kichochoro kwa kamba. Jeneza lisingeweza kukata kona ya choo bila kusimamishwa wima. Mjomba akashauri tubomoe kipande cha ukuta wa jikoni. Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa mkekani, akainua uso.

"Mwenye nyumba hatokei jikoni," alisema. "Atapita mlango wake, au hatoki."

Maziko yalikuwa kesho yake, kijijini kwetu Momba, na mbele ya mlango wake kulikuwa na shimo.

Nikaenda kwa msimamizi, yule yule niliyemtukana. Kiburi nilikimeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua helmeti, akamwita dereva wa kijiko, mwanamume wa makamo kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia.

"Pole, mukwai," dereva aliniambia, kwa neno la heshima la kwao. Kisha akauliza jambo moja tu: "Mlango una upana gani?"

Asubuhi malori yalimwaga kifusi chini ya nyumba. Kijiko kikakipandisha, rola ikakishindilia, tabaka juu ya tabaka, hadi kizingitini. Mashine ile niliyokuwa nikiilaani ililaza meno yake taratibu kwenye udongo, ikausawazisha bila kugusa hata rangi ya mlango. Waombolezaji wote walikuwa wamesimama. Hata mama alitoka nje kuangalia.

Ibada ilipokwisha, baba alitoka kwa mlango wake. Mitambo yote ilikuwa imezimwa. Madereva wa malori, waliokuwa kwenye foleni ya mpakani, walishuka wakasimama kando na kofia mikononi. Tunduma, mji usiojua kunyamaza, ulinyamaza hata nikasikia nyayo za wabebaji kwenye udongo mpya. Nililia kwa ajili ya baba, na nililia kwa mshangao pia. Watu wasiomjua hata jina walikuwa wamemjengea baba yangu barabara ya safari moja.

Siku ya tatu yule dereva alikuja kwa mlango wa jikoni, helmeti mkononi. Kile kifusi kilikuwa kimeziba njia ya mtaro, na kazi isingeendelea.

"Mama, mukwai," alisema, "tunaomba ruhusa yako tukiondoe."

Mama alikwenda hadi mlango wa mbele. Akautazama ule mteremko kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya mninga.

"Ondoa, mwanangu," akasema. "Aliyejengewa ameshapita."