Mwanariadha wa Ofisi Yetu

Mkuu wa ofisi yetu alikaa Ulaya miezi mitatu kujifunza kazi, akarudi na suti ya michezo ya buluu na saa ya kupimia mbio, ambayo aliining'iniza shingoni juu ya abacost yake, ile suti ya wakubwa isiyovaliwa na tai. Kazi aliyojifunza sikuiona.

Wakati huo nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya mgodi, Kolwezi, nikikaa mtaa wa Musonoi kwa dada yangu. Mkuu akatangaza kwamba kila Jumamosi asubuhi tutakimbia.

"Bacitoyens, muko na matumbo kama ngoma!" alituambia, yeye ambaye tumbo lake lilifika mlangoni kabla yake. "Muwaze kama sportif! Kichwa njo inakimbiaka, miguu inafuata tu."

Nikauliza kama na sisi wanawake tutakimbia. Akacheka. Suruali tulikuwa tumekatazwa na serikali, na kwa akili yake mtu wa liputa, kitenge cha kujifunga kiunoni, hawezi kukimbia.

"We, citoyenne, utapiga makofi," alisema, maana siku hizo ilibidi sote tuitane citoyen, yaani raia.

Basi wanaume walikimbia, naye akasimama kivulini akipuliza filimbi.

Siku moja wakubwa wa mgodi wakaalikwa kutazama mashindano: kutoka ofisini kwetu Manika hadi Musonoi na kurudi, na safari hii mkuu akasema naye atakimbia. Mimi niliwekwa kwenye kona ya kugeuzia, chini ya kilima cha udongo wa mgodi, niandike kwenye daftari kila anayepita. Wa kwanza alikuwa mzee wa makabrasha, mtu mkimya anayetunza faili zetu, miguu mitupu, viatu mkononi asiviharibu. Wengine wakafuata, nyuso nyekundu kwa vumbi. Mkuu hakupita. Kilichopita ni gari la ofisi, naye ameketi kando ya dereva, ameinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni.

Niliporudi Manika nilikuta kombe liko mikononi mwake. Shati lilikuwa limelowa maji ya chupa, lakini suruali bado ilikuwa na mkunjo wa pasi. Alikuwa akiwaeleza wakubwa habari za nia na kuvumilia. Mzee wa makabrasha alisimama pembeni, akipiga makofi. Na mimi nikapiga.

Jumatatu akaniita nipige taipu matokeo.

"Chef, kwa kaye yangu jina yenu haiko," nilimwambia, nikimwonyesha daftari.

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Barabara."

"Andika vile mi nakuambia."

Nikaandika jina lake juu kabisa, kwa herufi kubwa, bila kosa hata moja. Nilimdharau sana, lakini vidole vilivyogonga mashine vilikuwa vyangu. Mzee wa makabrasha akaja kusoma karatasi ukutani, akajikuta wa pili.

"Mama," aliniuliza polepole, "si we ulikuwa pale kwenye kona?"

"Nilikuwa, tata," nilimjibu kama ninavyomjibu baba.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye faili zake. Afadhali angenitukana.

Kesho yake niliamka mapema, nikavaa kaputula ya shemeji yangu ndani ya liputa, nikaikunja liputa hadi magotini na kukimbia. Nguzo tatu za umeme tu, nikatapika. Siku iliyofuata, nne. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni waliniuliza: "Mama, nani eko nakufukuza?" Nilijua tu kwamba hapo hakuna wa kunidanganya: nguzo nimeifikia au sijaifikia. Kiangazi kilipoisha nilikuwa nafika ofisini kwa miguu yangu, naoga kwa ndoo nyuma ya jengo, naketi kwenye mashine kabla wengine hawajafika.

Asubuhi moja gari likapunguza mwendo kando yangu. Alikuwa mkuu, safari hii akiendesha mwenyewe, ameshusha kioo.

"Citoyenne! Inua magoti! Namna ile hautafika!"

Akaendelea kunifundisha, kiwiko dirishani, na mimi sikugeuza shingo. Mbele palikuwa na kijia cha mkato kati ya mashamba ya mihogo, chembamba, hakipiti gari. Nikaingia humo. Nyuma yangu nilimsikia akipiga honi.