Simu Iliyosifu Jani Tupu

Kumepambazuka mjini Tamale, kaskazini mwa Ghana, na Azaratu Alhassan anageuza waakye yake, wali na maharage vilivyoiva na majani makavu ya mtama mpaka vikawa vyekundu. Mkono uko kwenye mwiko, roho iko chuoni. Tangu Ijumaa kuna uvumi umemganda kama ukoko: eti wanaosoma somo la akili mnemba hawaandiki kitu wenyewe, mashine inawaandikia, na mwisho wa muhula wanafukuzwa wote.

Uvumi huo ulitoka kwa Mma Fuseina, yaani Mama Fuseina, anayeuza bamia kavu meza ya jirani.

"Nimeambiwa na mtu anayejua," alisema.

"Mtu gani huyo?"

"Fundi wa pikipiki ya mjomba wangu."

Azaratu ana miaka arobaini na minane na shule aliiachia darasa la sita. Siku nzuri anabaki na faida ya cedi mia hivi. Siku ya mvua anabaki na wali. Kwa meza hiyo hiyo amemfikisha chuo kikuu mwanawe wa pekee, Wunpini, aliye mwaka wa kwanza na ameanza somo la utangulizi wa akili mnemba. Binti akifukuzwa, hakuna sufuria nyingine ya kuanza upya.

Jumapili, kwa hofu, aliificha chaja ya binti yake ndani ya gunia la maharage.

"Mma, chaja yangu umeiona?"

"Mimi napika, nitaionea wapi?"

Kesho yake chaja ikatoka kwenye kopo la kupimia, mbele ya wateja. Mma Fuseina akauliza kama siku hizi maharage yanapikwa kwa umeme.

Hapo mama akatoa sharti. Kubadili somo kuliruhusiwa mpaka mwisho wa mwezi. "Niletee kitu cha darasa hilo nikione kwa macho yangu," akamwambia. "La sivyo, utahamia somo lingine."

Wunpini hakubisha. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuifundisha kompyuta kutofautisha vitu viwili kwa picha, na yeye alikuwa amechagua waakye na wali wa jollof, ule mwekundu wa nyanya. Waakye alikuwa ameipiga picha mezani kwa mama yake, jollof kwenye mkahawa wa chuo. Jumatano akaja na simu, akaielekeza kwenye waakye iliyopakuliwa juu ya jani, kama Azaratu anavyopakua siku zote. Simu ikaandika: waakye. Wateja wakapiga makofi.

Azaratu akaanza kutabasamu. Akafuta jani jingine, akaliweka mezani ili ampakulie dereva mmoja aliyekuwa anasubiri. Kabla hajachota, simu ikaandika tena: waakye.

Dereva akatazama jani, akatazama simu. "Mama Azaratu, hii ya kwangu mbona nyepesi?"

"Mashine imefunga siku nyingi," akasema Mma Fuseina. "Majani inayaona chakula."

Wunpini akaomba waakye iwekwe kwenye sahani nyeupe. Simu ikaandika: jollof. Akakaa kwenye benchi, akashika kichwa. Picha zake zote za waakye zilikuwa na jani, za jollof zote zilikuwa na sahani. Kompyuta haikujifunza chakula hata kidogo. Ilijifunza vyombo.

Kazi ilitakiwa Ijumaa ya wiki hiyo. Mwenzake wa darasani, Dawuni, akamwambia kwenye simu iliyofunguliwa sauti asihangaike: aonyeshe picha zinazokubali tu, maelezo aiachie mashine, itaandika vizuri kuliko wote wawili. Azaratu alisikia kila neno, na uvumi wa Ijumaa ukamrudia mzima mzima.

"Mwalimu atajua?" akauliza.

"Pengine asijue."

"Na wewe, akikuuliza kwa mdomo, utajibu nini?"

Binti akaiweka simu mezani. Azaratu naye akarudi kuosha sufuria. Anasema usiku ule hakulala, na sharti lake hakulitaja tena; uamuzi alimwachia binti.

Ijumaa Wunpini aliingia darasani na jani tupu. Akaiwasha simu, akawaonyesha wenzake inavyolisifu kuwa waakye, kisha akaeleza kosa liko wapi. Darasa lilicheka mpaka mwalimu, Dakta Napari, akakaa chini. Ilipofika zamu ya Dawuni, maelezo yake yalikuwa laini kama hariri, lakini swali la kwanza tu likamkwamisha. Alirudishiwa kazi aanze upya. Wunpini alifaulu, akaagizwa aongeze picha.

"Hakuna aliyefukuzwa," anasema Azaratu, akifunga waakye ya mteja ndani ya jani. "Fundi wa pikipiki atengeneze pikipiki."

Sasa kila anayekuja na bakuli lake anaombwa asubiri lipigwe picha. Wengine wanajipanga na kuweka sawa vitambaa vya kichwa, ingawa wanaambiwa ni chakula tu. Wunpini anataka muhula ujao achukue somo linalofuata, na mama yake amekubali. Tumaini la Azaratu ni kumwona amevaa joho, na jani mkononi.

Akina mama wanaomuuliza, anawaambia waepuke haya:

Usichukue habari za chuo kwa mtu ambaye hajafika hata getini.

Usimfichie mtoto chaja. Atajifunza kukuficha mambo na yeye.

Usimwache akabidhi kazi asiyoweza kuieleza kwa mdomo wake.

Usipige picha za chombo kimoja tu.

Mashine ikisifu chakula, usilipe kabla hujafunua jani.