Maksi Tisa za Dubu

Saruji iliyochomwa na jua kutwa, ikimwagiwa maji, hutoa harufu ambayo sijapata jina lake. Ni kama vumbi lililotoka kuoga. Mlinzi wa jengo ninaloishi sasa humwagia ua maji kila alasiri, nami kila nikipita namkumbuka dubu wa Jeddah, amesimama kwa miguu miwili, anaomba mkate.

Alifugwa katika bustani ya tajiri mmoja nje ya mji, bustani ambayo siku hizi haipo tena. Tulikuwa tukienda huko kutoka nyumbani kwetu Al-Hindawiyah, mimi, wazazi wangu na bibi yangu mzaa baba, na mfuko wa mikate ya samuli iliyolala. Banda lilikuwa na kuta za saruji pande tatu, mbele vyuma, na katikati kidimbwi kisichofika magotini. Popote alipokaa dubu ulimwona. Ukipiga makofi alisimama, ukirusha mkate aliudaka, na watu wote wakasema mashaallah.

Nilikuwa mtoto wa kukagua kila kitu na kukipa maksi: biriani za harusini, walimu wetu, hata miayo ya baba. Banda la dubu nililipa tisa juu ya kumi. Moja niliipunguza kwa ajili ya harufu.

"Na wewe, bibi, unampa ngapi?"

"Mimi nampa mkate," alisema, akarusha kipande, akatazama pembeni.

Kisha ukaja ule wakati wa dada wengi kuletwa kutoka Kenya kufanya kazi za ndani, na baba akapata kazi Riyadh. Alizaliwa Jeddah, wazazi wake wametoka Unguja. Kiarabu alikiokota mtaani na Kiswahili alikinyonya kwa mama yake, na ofisi moja iliyoleta wafanyakazi ilikuwa inamtafuta mtu wa aina hiyo hiyo. Kazi yake ilikuwa simu. Mfanyakazi alimlalamikia kwa Kiswahili, kisha yeye akampigia kwa Kiarabu madam au kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini. Jioni simu zilimfuata mpaka nyumbani, na swali lake la kwanza kwa kila madam halikubadilika: "Chumba chake kina mlango?" Nililisikia mno, hata nikawa nalitumia kwenye michezo yangu ya mwanasesere.

Bibi alikubali kufuatana nasi kwa majaribio. "Nitafunga Ramadhani kwenu," alimwambia baba. "Idi ikipita nitasema kama nabaki au narudi kwa Zuwena." Zuwena ni shangazi yangu, ambaye alibaki Al-Hindawiyah. Nikaapa kwamba bibi atabaki. Alikuwa mtu pekee aliyejibu maswali yangu bila kuniambia kwanza ninyamaze, na mimi bila bibi nisingejua nimuulize nani.

Nyumba ya Riyadh ilikuwa kubwa kuliko ile ya Jeddah. Ilikuwa na majlisi, chumba bora kuliko vyote, zulia jekundu na mito yenye nyuzi za dhahabu, mlango umefungwa kwa ajili ya wageni waliokuja kwa nadra. Kitanda cha bibi, mama alikiweka sebuleni, chini ya dirisha, kuelekea televisheni, asije akawa mpweke. Sote tuliona tumemfanyia wema. Kila aliyeingia alimkuta: majirani, mleta maji, wenzangu wa shule. Akitaka kubadilisha nguo alikwenda msalani na nguo zake mkononi.

Siku za mwisho za Shaabani nikamsumbua baba mpaka akatupeleka bustani ya wanyama. Nilikuwa na hesabu zangu. Nilidhani bibi anampenda dubu wa Jeddah kama nilivyompenda mimi, kwa hiyo Riyadh nayo lazima itoe mnyama wa kumshinda. Nikamchagua mbwa mwitu.

"Yaani nimekuja Riyadh kutazama mbwa?" bibi aliuliza.

"Mbwa mwitu, bibi!"

"Mwitu au koko, mwisho wake ni mbwa. Haya, twende."

Tukafika, tukaona mawe. Palikuwa na uwanja mpana, majabali yamepandana, vichaka vya miiba, na shimo jeusi chini ya jabali moja. Mbwa mwitu hakuwepo. Familia iliyosimama karibu nasi ilipiga kelele, "Yalla! Toka!" na mtoto wao akarusha bisi. Baba akacheka. "Mafi mbwa, mafi mwitu, hakuna kitu. Tumelipa kiingilio cha kutazama kokoto." Nikaona bibi yangu anarudi Jeddah mbele ya macho yangu. Kwa hasira nikaupa uwanja ule maksi mbili.

Bibi alikwishaketi kwenye ukingo wa ukuta, miguu ameinyoosha, ametulia kama mtu aliyefika kwake.

"Huyu wamemtunza," alisema.

"Wamemtunza vipi? Hata haonekani!"

"Akitaka atatoka."

"Na asipotaka?"

"Basi hataki. Kwani ana deni na wewe?"

Nikaenda na baba kununua maji ya matunda. Tuliporudi, bibi alikuwa anatabasamu. "Ametoka," alisema.

"Uongo, bibi!"

"Ala! Mtoto huyu! Masikio mawili na pua. Kanitazama, kisha karudi zake."

Nilishika vyuma mpaka mlinzi akaja kutufukuza, wala sikuona hata ncha ya mkia. Mpaka leo sina ushahidi kwamba mbwa mwitu yule alikuwepo.

Jioni ile, baada ya magharibi, simu ya baba ikalia. Aliiweka sauti ya juu kwa sababu mikononi alikuwa na sahani, kwa hiyo sote tulimsikia dada wa Kenya. "Bosi, kazi sikatai. Lakini nalala kwa koridoo. Watoto wakienda choo wananiruka kama mtaro." Baba akamtuliza, akafuta mikono, akampigia madam, akauliza swali lake lile lile.

Bibi alikuwa kitandani kwake, kati ya televisheni na meza yetu ya chakula, anakunja nguo. "Ukimaliza na huyo, mwanangu," alisema, "niulizie na mimi kwa kafili wangu."

Mama akaangua kicheko. Baba akasema, "Kafili wako si mimi, mama?"

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

Tukacheka zaidi, mimi kuliko wote. Bibi naye alicheka kidogo. Kisha akajifunika khanga mpaka kichwani, akageukia ukutani.

Idi ikapita, akasema anarudi. Nililia, nikamlaumu mbwa mwitu. Baba alimpeleka kwa gari. Baadaye alitoa mito ya dhahabu kwenye majlisi, akaingiza kitanda, akampigia simu mama yake. "Ahsante, mwanangu," bibi alimjibu. "Nishatulia huku." Kitanda kile kiliishia kulaliwa na wageni.

Likizo ilipofika tulikwenda Al-Hindawiyah. Chumba alichopewa bibi kilikuwa stoo, kinaingia kitanda na sanduku, basi. Nilikimbilia huko nikakuta mlango wa mbao za kijani umefungwa kwa komeo la ndani.

"Bibi! Nimekuja!"

Shangazi Zuwena akanivuta. "Muache bibi yako. Akitaka atatoka."

Nikakaa sakafuni nimenuna, nikakipa chumba kile maksi mbili. Sikutambua kwamba maksi zile nilikuwa nimezitoa mahali pengine, kwa kosa lile lile. Ilibidi nifike chuo kikuu, nisome kwamba mnyama aliyefungwa hutulia akipewa mahali pa kujificha asionwe na watazamaji wake, ndipo nikafunga kitabu na kufikiria mlango wa kijani. Sisemi bibi alikuwa ananifundisha kitu siku ile bustanini. Huenda miguu ilimuuma tu.

Baada ya muda komeo likalia. Bibi akatoka, nywele mbichi zimepakwa mafuta, khanga safi, ananukia asumini.

"Umekuja zamani?"

"Zamani sana."

"Ukanisubiri?"

"Nimekusubiri."

"Ahsante," alisema, akanibusu utosini, nami nikabaki nashangaa ananishukuru kwa lipi.