Kumpeleka Baba Kusini

Gari letu lilikaa miaka miwili ubavuni mwa nyumba, Bawshar, hapa Maskati, limefunikwa turubai. Kila Ijumaa baba aliliwasha ili betri isife, akalizima, akarudi ndani. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja nilipotoka kwenda kazini nilimkuta amelikunja turubai, milango yote iko wazi, naye anapiga godoro kwa fimbo. Aliniambia nikaombe likizo ya mwezi. Hakusema tunakwenda wapi, nami sikuuliza. Gari lile lilikuwa na safari yake moja tu.

Zamani lilikuwa basi dogo la wafanyakazi. Kwa miaka mingi baba alilitumia kuwapeleka watu viwandani Rusayl alfajiri na kuwarudisha jioni, na wenye basi waliponunua mapya walimuuzia hilo kuukuu. Alifungua viti vyote akaacha viwili vya mbele. Nyuma akajenga kitanda cha mbao, chini yake droo za nguo na sufuria, pembeni jiko la gesi la moto mmoja na dumu la maji lenye bomba. Mama akashona mapazia. Alipomaliza la mwisho aliingia ndani, akafunga mlango, akatuambia kutoka dirishani kwamba kuanzia leo anayetaka kuingia apige hodi.

Sababu ya safari ilikuwa magoti ya mama. Watu hucheka wakisikia kwamba Maskati kuna baridi, lakini mama alizaliwa Unguja na aliishi huko mpaka mimi nilipomaliza darasa la saba, ndipo tulipohamia huku kwa jamaa za baba. Kila Disemba upepo ulipoanza kushuka kutoka milimani, magoti yake yalivimba, akawa anateremka ngazi kwa kukaa, kipandio kimoja kimoja. Baba alisikia kwamba pwani ya kusini, upande wa Salalah, wakati huo kuna joto kama la kwetu. Basi baridi ya kwanza baada ya kustaafu alitupakia, mama na mimi, tukaenda. Ni mwendo wa kilomita elfu moja, sehemu kubwa jangwa tupu, na siku ya pili ukishuka mlima wa mwisho unaona minazi. Mama alipoiona alimwambia baba asimame. Alinunua dafu kwenye kibanda cha barabarani, akalinywa kwa kusimama, akasema halina utamu kama la kwetu. Kisha akanunua la pili.

Shangazi, dada yake baba, nyumba yake imeshikana na yetu, na habari hizi hakuzipenda hata kidogo. Alisema tuna nyumba ya vyumba vitano na tunakwenda kulala garini kama watu waliofukuzwa. Akamuuliza mama, watu wakimuuliza tuko wapi aseme nini.

"Waambie tumehama na korongo, wifi," mama akamjibu.

Tangu hapo kila ikikaribia Disemba shangazi alipitisha kichwa juu ya ukuta na kuuliza korongo wanaruka lini. Na siku ya kuondoka alileta boksi la visheti, huku akinung'unika.

Tulikwenda baridi tatu. Tulikaa miezi mitatu kila mara, nje kidogo ya mji wa Mirbat, mashariki ya Salalah, karibu na bahari lakini mbali na wavuvi. Nilipenda maisha yale kuliko mtu yeyote kati yetu, ingawa sikuwahi kusema. Nilipofika Oman skuli waliniweka na watoto wa miaka minane kwa sababu sikujua Kiarabu. Magoti yangu hayakuingia chini ya deski. Baada ya miezi miwili niliacha, na tangu hapo kila mgeni aliyekuja nyumbani aliniuliza nasoma wapi. Garini hakukuwa na mgeni. Niliosha vyombo, nilichota maji, nilikaa na mama akanifundisha kukuna nazi bila kufikia ganda. Siku nzima ingepita nami nimesema maneno kumi, na hakuna aliyeona kuna kasoro.

Mama alikufa baridi ya tatu. Alikuwa amekaa mlangoni mwa gari anamenya muhogo, akasema kichwa kinamuuma, akajilaza. Baba aliendesha mpaka hospitali, mimi niko nyuma nimemshika kichwa ili kisiyumbe kwenye kona. Hakuamka. Wanawake wa mji ule, ambao hatukuwahi kuwajua, ndio waliomwosha. Tulikaa nje tukawasikia wakizungumza lugha yao ya milimani, hatuelewi hata neno moja. Akazikwa alasiri ile ile, akawekewa mawe matatu kama kaburi la mwanamke linavyowekewa huku. Kesho yake alfajiri tulikuwa barabarani kurudi Maskati, kwa sababu matanga yaliwekwa Bawshar na watu walikuwa wakitusubiri. Tulipofika baba aliegesha gari, akapokea mikono ya watu siku tatu, na siku ya nne akaenda kununua turubai.

Mimi baadaye nilipata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala huko Rusayl. Baba alibaki nyumbani. Alikula akipewa.

Siku ya kuondoka safari hii, shangazi alileta visheti kama kawaida lakini hakututania. Alingoja baba alipokwenda kutazama matairi, akanishika kiganja.

"Mwanangu, mimi nna kaka mmoja tu," alisema. "Mrudishe."

Nikasema ndiyo. Mimi husema ndiyo kwa watu wote. Ndilo neno linalotoka upesi.

Njiani baba alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona kwa miaka miwili, na hilo lilinitia moyo. Alisimulia vituko vya abiria wake wa Rusayl, yule aliyelala akapitishwa kituo siku tatu mfululizo, yule aliyekuwa akipanda na kuku. Siku ya pili tulisimama Haima kutia mafuta. Kijana wa kituoni alikuwa Mkenya, akasikia tunavyoongea, akafurahi sana. Alisema Kiswahili chetu ni kama cha redio. Akamwambia baba, "Lakini mzee, mko mbali na nyumbani."

"Hapana," baba akasema. "Tunakaribia."

Kijana alicheka, na mimi nikacheka.

Tulifika Mirbat jua likiwa bado juu. Tulikwenda kwanza makaburini. Upepo ulikuwa umelilaza jiwe moja kati ya yale matatu, au pengine ni mbuzi, na baba alilisimamisha akalikandamizia mchanga kwa kiganja, muda mrefu, zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akalipeleka gari pale pale tulipokuwa tukikaa zamani. Akafunua mapazia. Akawasha jiko akachemsha chai, akamimina vikombe vitatu, akakitazama cha tatu, akakinywa yeye.

Kesho yake adhuhuri tulitandika msala kivulini mwa gari. Inanibidi nieleze jambo hapa kwa asiyejua. Msafiri hupunguza sala: adhuhuri ina rakaa nne, yeye husali mbili. Kwa tunavyofuata sisi, maadamu hapo si kwako unaendelea kupunguza, hata ukikaa miezi. Baridi zote tatu tulisali mbili Mirbat. Mara ya kwanza nilipotaka kuinuka rakaa ya tatu kwa mazoea, mama alicheka mpaka baba akamkataza. Mama aliniambia, "Mungu katupa ruhusa, weye wataka ovataimu."

Safari hii tulikuwa wawili. Nilisimama kuliani kwa baba, nyuma yake kidogo. Tukasali rakaa mbili tukakaa. Nilikuwa nimeshamaliza kusoma, nangoja atoe salamu. Badala yake alisema Allahu akbar, akasimama.

Nilidhani amesahau. Imamu akisahau, anayemfuata anatakiwa amzindue kwa kusema Subhanallah. Nikasema, lakini sauti ilitoka ndogo. Hakurudi kukaa. Nikakusanya pumzi nikasema tena, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa baba yangu. Alikuwa amesimama wima, mikono imeshuka, anasoma Alhamdu polepole kama mtu asiye na pa kwenda. Hapo nikajua hakusahau. Alikuwa anasali kama mtu aliye kwake.

Niliinuka nikamfuata. Sijda ya mwisho nilichelewa kutoka.

Alipomaliza alikunja msala bila kunitazama. Nilijua nikinyamaza wakati ule nitanyamaza mwezi mzima. Nikamwambia kwamba shangazi ameniagiza nimrudishe.

"Nnajua," alisema. "Kaniambia na mimi."

Alikaa kwenye kizingiti cha gari. Alisema siku ile ya mazishi alitaka kubaki siku tatu tu, karibu na kaburi, ndipo arudi. Hakumwambia mtu. Na mimi nikakumbuka jambo ambalo kwa miaka miwili nililizunguka bila kulishika. Shangazi alipiga simu jioni ile, simu ilikuwa mkononi mwangu, akauliza kama kesho tutaondoka, maana viti vimeshapangwa na watu wameshaanza kuja. Nikasema ndiyo. Sikumuuliza baba. Nilimpa habari kama jambo lililokwisha kuamuliwa, naye akatazama bahari kidogo, akaenda kupima oili ya injini.

Nilimwambia, "Baba, mimi ndiye niliyesema tunakuja. Sikukuuliza."

Alisema anajua hilo pia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa nayo.

"Mamako kaacha kwao kaja Maskati kwa ajili yangu," alisema. "Na huku nimemleta mimi. Halafu nikamwacha na watu asiojua hata lugha yao, nikawasha gari. Weye njoo baridi zote, mwanangu. Mimi nishafika."

Nilikuwa na swali moja. Nilitaka kumuuliza, na mimi je? Nyumba ile ya vyumba vitano, jioni nikitoka kazini, nani ananifungulia mlango? Lilikuwa maneno matatu tu. Lakini mara moja nimeshamtoa pale kwa neno langu, na sikutaka kumtoa mara ya pili. Nikachukua vikombe nikaenda kuviosha.

Nilikaa naye mpaka likizo ilipokaribia kwisha. Mzee mmoja wa mji alimruhusu kuegesha kando ya ukuta wake, karibu na makaburi, na kuvuta maji kwa mpira. Nilimfungia baba kibaraza cha turubai ili apate kivuli. Ni turubai lile lile, tulikuwa tumelitia nyuma ya kiti. Nilimfundisha kutuma ujumbe wa sauti kwa simu, kwa sababu kuandika anachoka macho. Siku ya mwisho alinipeleka Salalah kwenye basi la Maskati. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akasema niwe ninakula, akarudi garini kabla basi halijaondoka. Nililiona kutoka dirishani likikunja kona taratibu, kwa ule mwendo wake wa kubeba watu.

Nilifika Bawshar asubuhi ya pili yake. Shangazi alikuwa mlangoni kwetu, maana nilimtumia ujumbe kwamba niko njiani, na sikuandika zaidi ya hapo. Alitazama nyuma yangu. Akatazama barabarani, pale gari lingepaswa kusimama.

"Nlikwambia umrudishe," alisema.

Nilikuwa nimejipangia maneno mengi katika yale masaa ya basi, kuhusu mawe, kuhusu zile siku tatu, kuhusu simu.

"Kasali nne, shangazi," nikasema.

Alifahamu pale pale. Alikaa kwenye ngazi, kipandio cha chini, akajifunika uso kwa mtandio. Nilisimama na begi langu, sijui kama nikae au niingie ndani. Gari la maji lilipita, jirani akatusalimu, nikaitikia. Baada ya muda shangazi akauliza, bila kujifunua, nani anampikia.

Nikamwambia anapika mwenyewe.

"Hajui kupika," alisema.

Nikasema najua.