Coleta na Mteremko wa Muze

Shangazi yangu Coleta alikuwa mwoga wa safari. Sisemi hivyo kumcheka, maana mwenyewe alilisema waziwazi hata mbele ya wageni. Akijua kesho yake anapanda gari, usiku ule halali. Kukikucha, viganja vyake vimelowa jasho kama mtu aliyetoka kufua. Hakuwahi kupata ajali yoyote. Siku moja tu, akiwa msichana, lori alilopanda kwenda Mwazye lilishindwa kilima likarudi nyuma kidogo, mpaka utingo akawahi kuweka jiwe chini ya tairi. Hakuna aliyeumia. Wenzake walikuwa wameshasahau kabla hata ya kufika. Yeye hakusahau.

Pamoja na hayo, pale kwetu Kaengesa, watu waliotaka kusafiri sikukuu walipita kwake kwanza kuuliza. Asiyeogopa hupanda gari lolote analolikuta limesimama. Shangazi alichunguza. Alijua lori lipi tairi zake zimekwisha, dereva yupi anakunywa asubuhi, na wiki ipi nauli inapanda. Lakini ujuzi huo wote aliupata kutokana na safari moja, nayo ndiyo ninayotaka kuisimulia, kama nilivyoisikia kwake na kwa mume wake Adolfu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Malori ya watu binafsi yalikuwa yameongezeka mjini Sumbawanga, mengi yakishuka bonde la Rukwa kufuata mpunga. Adolfu alikuwa fundi seremala kwenye karakana ya misheni, na mwaka huo alipewa likizo ndefu. Mdogo wake Flavian alikuwa amehamia Muze, akiuza samaki na mchele, na kila mwaka aliwaita waende kula naye Krismasi. Kila mwaka shangazi alipata sababu. Mara mbolea haijafika, mara mtoto anakohoa. Safari hii watoto wenyewe walimshika. Josefina alikuwa darasa la nne, Fabiani hajaanza shule, na wote wawili walikuwa wamesikia kwamba Muze hakuna baridi na maembe yanaokotwa chini. Shangazi akakubali, kisha akaingia chumbani akalia kidogo.

Alipotoka, alianza kupanga kama mtu anayejikinga na maadui. Alisema hawatasubiri mkesha wa Krismasi, wakati watu wanapakiwa juu ya magunia na nauli imepanda. Wataondoka wiki moja na kitu kabla, na lori linaloshuka tupu, kwa sababu mwenye gari tupu hapandishi bei. Kule mjini aliwafuata akina mama wanaouza chai penye malori akawauliza ni dereva gani anayekunywa chai tu. Wakamtajia Kasmir. Akaenda akazunguka lori la Kasmir, akainama kutazama tairi moja moja, huku utingo akicheka. Akapika viazi vitamu, akakaanga karanga, akajaza uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Akafunga maharage na unga wa ulezi wa kumpelekea Flavian, ili wasiwe mzigo nyumbani kwa mtu. Nauli ya kurudi aliishonea kwenye pindo la gagulo lake. Alimwambia Adolfu kwamba hata wakigombana na ndugu, watarudi.

Adolfu alidhani mipango ikikamilika hofu itapungua. Haikupungua.

Walilala mjini kwa jamaa, asubuhi wakapanda. Njia ya juu ilikuwa nzuri, mashamba yamelimwa matuta, watoto wanaimba. Shangazi alikaa amekumbatia ubao wa lori. Walipofika ukingoni, pale ambapo nchi ya Ufipa inakatika ghafla na barabara inaanza kuteremka genge la Lyamba lya Mfipa, Kasmir alisimamisha gari akague breki. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Hawakuona Muze wala ziwa. Waliona barabara ikipinda na kuingia ndani ya weupe, na pembeni yake hakuna kitu.

Shangazi akashuka. Adolfu alidhani anakwenda kujisaidia. Kasmir alipowasha gari, shangazi alikuwa bado amesimama chini.

"Mama Josefina, panda. Mvua inakuja."

"Siwezi, baba Josefina. Miguu imekataa."

Adolfu aliruka chini akamsihi kwa Kifipa, kwa sauti ndogo, abiria wengine wasisikie. Shangazi akamwomba ashushe watoto, wateremke wote kwa miguu kwenye njia ya mkato inayotumiwa na wachuuzi wa samaki. Adolfu akakataa. Njia ile inateleza, Fabiani hawezi kuikanyaga, na mvua ikiwakuta korongoni watawashikaje watoto wawili? Shangazi aliona ni kweli. Akamwambia watangulie, wamngojee mahali barabara inapoingia kijijini. Adolfu alitaka kubaki naye, lakini watoto wasingeweza kwenda peke yao, na Kasmir alikuwa anapiga honi kwa kuhofia mvua. Akapanda. Lori likaondoka polepole, Josefina akimtazama mama yake bila kupunga mkono, mpaka ukungu ukawafunika. Muungurumo ukasikika kidogo, nao ukapotea.

Shangazi aliniambia kwamba hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Alikuwa amewaacha watoto wake ndani ya kitu anachokiogopa kuliko vyote, yeye amebaki kwenye ardhi imara. Alianza kukimbia.

Njia ya mkato ilishuka katikati ya mawe na miti mifupi. Aliteleza, akachubuka goti, akaendelea. Aliwaza chui, aliwaza nyoka, lakini zaidi alitega sikio kusikia lori. Kisha akasikia hatua nyuma yake. Alipotulia, hatua zikatulia. Alipotembea, zikatembea. Akajibanza nyuma ya jiwe kubwa, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mtu akatokea kwenye ukungu, mwanamke kijana, amejitwika kapu, ana fimbo ndefu. Kwa kitenge alivyokifunga na sandali zake za tairi, shangazi akajua ni mmoja wa Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Juu kule watu walisema mambo mengi juu yao, kwamba wana dawa kali, kwamba usile kwao. Shangazi alikuwa ameyaamini yote.

Yule mwanamke alisimama mbali na jiwe. "Shikamoo, mama uliye nyuma ya jiwe," alisema, na sauti yake ilitetemeka.

Shangazi akachungulia kidogo. "Marahaba. Unanifuata kwa nini?"

"Naogopa kupita peke yangu. Nimekuona unakimbia, nikaogopa zaidi, nikadhani unakimbia kitu."

Aliitwa Sayi. Alikuwa amepanda mjini kuuza samli na sasa anarudi kwa miguu ili abakize hela ya sukari. Shangazi alitoka nyuma ya jiwe. Hakumwamini bado, lakini alitambua mtu anayetetemeka, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka. Wakashuka pamoja.

Mvua iliwakuta karibu na kijito. Maji yalikuwa yamegeuka mekundu na kuvuta matawi. Sayi aliingia kwanza na fimbo akipima kina, shangazi akashika ncha ya nyuma. Katikati, shangazi alikwama, hawezi kwenda mbele wala kurudi, maji yamefika mapajani. Sayi hakumkemea. Alimwuliza majina ya watoto wake. Shangazi akayataja tena na tena, hatua moja kwa kila jina, mpaka wakavuka.

Walipofika chini hapakuwa na lori.

Sayi na mume wake Masalu walikaa kando ya barabara hiyohiyo, nyumba ya kwanza mtu akishuka. Masalu alikuwa anarudisha ndama zizini. Alisema hakuna gari lililopita tangu asubuhi, ila amesikia kishindo huko juu mvua ilipozidi, kama mawe. Aliposema hivyo aliona uso wa mgeni, akamwambia Sayi alete maziwa.

Sayi alileta maziwa kwenye kibuyu. Shangazi hakuyagusa, wala si kwa sababu ya yale maneno ya juu. Macho yake yalikuwa barabarani. Alivua viatu vilivyojaa tope, akaanza kupanda barabara ya magari, ile aliyoikataa. Masalu alichukua jembe, Sayi akachukua kapu tupu asijue la kulifanyia nini, wakamfuata.

Alitembea ukingoni kabisa mwa genge, akichungulia chini kila penye kona, akitafuta turubai au rangi ya gauni la Josefina. Kila kona aliyopita bila kuona kitu ilimpa nafuu, halafu kona ya mbele ikamtisha upya. Alisali Salamu Maria akawa anakosea maneno.

Jua lilikuwa bado halijazama walipowakuta. Udongo na mawe vilikuwa vimeporomoka na kuziba barabara. Lori lilikuwa limesimama upande wa pili likiwa zima, na Kasmir, Adolfu na abiria wote walikuwa wanaondoa mawe kwa mikono. Josefina alikuwa chini ya turubai, amemlaza Fabiani mapajani. Walikuwa wamemaliza viazi.

Adolfu alimwona mke wake akitokea kutoka chini, amelowa, peku, goti linavuja damu. Akaweka jiwe alilokuwa amelibeba.

"Nilisema unisubiri chini," alisema shangazi.

Adolfu alipita juu ya mawe akamfikia. Alimshika mabega tu.

Kwa jembe la Masalu njia ilifunguka. Kasmir akawaambia wapande, na wote wakamtazama shangazi. Alipanda. Hakuwa amepona. Alikaa sakafuni mwa lori, Fabiani kifuani, mkono mmoja umeshika kitenge cha Sayi aliyepanda naye, na akatetemeka mpaka meno yakagongana njia nzima hadi Muze. Aliniambia kuwa alipanda kwa sababu hakuweza kurudia yale mawazo ya korongoni. Kuogopa akiwa pamoja nao kulikuwa rahisi kuliko kuogopa akiwa mbali.

Wakakaa Muze mpaka baada ya mwaka mpya. Maharage yao yalipokelewa kuliko zawadi yoyote, kwa kuwa bondeni yalikuwa ghali, na Flavian aliwalisha samaki mpaka Fabiani akawakataa. Jioni walikwenda kwa Sayi kunywa maziwa. Watoto walitaka kwenda ziwani, shangazi akakataa kwa ajili ya mamba, kisha akakubali wakae mbali na maji, naye akakaa kati yao na ziwa. Hata hivyo Josefina anasema hajawahi kuwa na sikukuu nzuri kama ile.

Walirudi asubuhi mapema, kabla ya mvua za mchana, na tangu hapo hiyo ikawa kanuni yake. Waliokuja kumwuliza aliwaambia mambo matano yaleyale: tangulia sikukuu, panda gari tupu, mwulize mama wa chai juu ya dereva, beba kinachokosekana unakokwenda, na usigawanye familia njiani. La mwisho alilisema bila kueleza.

Pasaka iliyofuata Sayi alikuja Kaengesa kutembea. Hakuwahi kukaa kwenye baridi ya namna ile. Alikaa jikoni siku nzima amevaa koti la Adolfu, magoti karibu na moto, na kila mtu alipoingia aliomba kwa heshima mlango ufungwe. Shangazi alimpikia uji wa ulezi, akakaa kando yake, wakazungumza mpaka sufuria ikapoa.