Siku Niliyochemsha Miatine ya Umau

Mwanangu, kuna siku moja ambayo sihitaji kukumbushwa, na bado nikiifikiria masikio yananiwaka moto. Ni siku niliyochemsha miatine ya Umau.

Umau ndivyo tulivyomwita babu yangu, na hapa Kanyangi hakuna aliyemshinda kwa uki, ile pombe ya asali. Miatine ni yale matunda makubwa marefu ya mti uitwao mwatine. Hukatwa vipande, vikakaushwa, kisha vikatiwa kwenye asali na maji ili ichachuke. Kazi ikiisha unavianika tena, maana chachu imejificha humo ndani. Vya Umau vilikuwa vinafanya kazi tangu baba yangu hajaoa. Wewe ni mtu wa kanisa, usinikunjie uso. Hata mimi kuonja niliacha zamani. Nasimulia ya chachu, si ya ulevi.

Ndugu yangu Mutinda alikuwa anataka kumuoa Mwende, msichana wa Nunguni. Wazee wa kule walikuwa wameahirisha mazungumzo mara moja, na tulishasikia kuna karani fulani anabisha hodi kwao. Sasa walikubali tuende na mbuzi wa ntheo, wale wa kufungulia uchumba, pamoja na uki. Mzee wa ukoo akionja akaweka kibuyu chini, mnarudi nyumbani na mbuzi wenu. Mutinda hakuwa analala.

Zikiwa zimebaki siku sita, Umau akaenda kuangalia ng'ombe wake, akaniachia kazi. “Tia maji, tia asali, tia miatine, funika. Usiongeze kitu.” Maneno hayo tu. Lakini mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi, kichwa kimejaa sayansi kama gunia la ndengu. Nilipoitazama ile miatine nikaona weusi, nikaona ukungu, nikasema aiya, huu uchafu ndio tuwapelekee wakwe? Nikaichemsha kwa sabuni. Nikaisugua mpaka ikawa nyeupe. Kisha nikaenda dukani nikanunua hamira ya mikate, nikatia kwenye asali mwenyewe, na nikajipongeza.

Uki uliumuka kwa fujo, povu likamwagika mpaka kwenye majivu. Umau aliporudi kesho yake jioni alichota kidogo, akaonja. Akachota tena.

“Huu unalewesha,” akasema. “Lakini hauna neno la kusema. Umefanya nini?”

Nikamweleza, tena kwa majivuno: viini vya ukungu, usafi, hamira moja safi yenye nguvu. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaokota kipande kimoja cha miatine, akakinusa, na mwanangu, sijawahi kuona uso wa mzee ukianguka namna ile.

“Mwiitu, msichana wangu,” akaniambia, “humu ndani kulikuwa na watu wengi. Kuna wanaoanza kazi, kuna wanaomaliza. Umewaua wote, ukamwita mmoja kutoka dukani aje afanye peke yake. Kidole kimoja huvunja chawa?”

Nililia. Si kwa ajili ya uki, nilimlilia Mutinda, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Asali iliyobaki ilikuwa ya kujaza kibuyu kimoja tu, na siku kamili zilizobaki zilikuwa nne.

Hapo ndipo nilipoanza kumjua babu yangu. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema kule Kwa Vonza kuna mama mmoja mjane ambaye yeye alimgawia vipande vya miatine miaka mingi nyuma, bila kudai kitu. “Nenda kamwambie nimepotewa na mbegu.” Nikaondoka alfajiri. Yule mama hata hakuuliza maswali. Alifungua mfuko uliokuwa umening'inia juu ya meko, akanipa nusu ya alivyokuwa navyo. Akiba haiozi, na iliyo kwa jirani pia ni akiba.

Jioni hiyo Umau akaanza upya. Kesho yake nyumba nzima ilinukia maua ya migunga, ndizi mbivu, sijui nini. Sikuwahi kunusa kitu kama kile. Lakini ile miatine ilikuwa imekaa muda mrefu bila kazi. Siku ya pili povu likalegea, sauti ndani ya kibuyu ikaisha, na ukionja bado ni sharubati. Chachu zilikuwa zimechoka katikati ya njia, na safari ilikuwa kesho kutwa.

Mutinda akashika kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Umau akakaa kando ya kibuyu, akatega sikio, akanusa, kisha akanigeukia.

“Uko wapi ule wako?”

Nilidhani ananikejeli. Nikamletea. Akachota kata moja ya ule uki wangu wa hamira ya dukani, akaumimina taratibu juu ya wake.

“Umau, si ulisema hauna neno?”

“Sikusema hauna nguvu. Hawa wameshasema yao, harufu imekaa. Sasa anaweza kuingia mwenye misuli, amalize. Ungemtanguliza, asingemwachia mtu nafasi.”

Kabla ya jua kuzama kibuyu kilianza kuchemka tena.

Miaka mingi baadaye, nikifundisha, niliweka tone la uki chini ya hadubini. Nikaona chachu za kila namna, nyingine zimechongoka ncha mbili kama ndimu, nyingine za mviringo. Vitabu vikaniambia zile za ndimu huwahi, hutoa harufu, kisha pombe ikikolea hulegea na kufa, na miili yao huwa chakula cha zile ngumu zinazomaliza. Nilicheka peke yangu maabarani. Yule mzee hakujua kuandika jina lake, na alikuwa ameyajua haya yote kwa pua na sikio!

Kule Nunguni mzee wa ukoo alionja, akafumba macho, akauliza nani ametengeneza. Umau akasema, “Mimi na mjukuu wangu.” Mwende ndiye nyanya yako, mwanangu. Sasa unajua ulikaribia kutozaliwa kwa sababu ya kipande cha sabuni.

Nakwambia haya kwa sababu nimesikia umechaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha asali, na katika mkutano wa kwanza tu wewe umewatoa wazee watatu ukisema wanachelewesha kazi. Una nguvu, sikatai, na kikundi kinakuhitaji. Lakini kesho nenda kwao nyumbani, mmoja mmoja, uwaombe warudi. Kwenye kikao waache waseme kwanza, hata wakizunguka. Wewe ingia baadaye, umalize. Na siku ukichoka katikati, usione haya kumwita yule uliyemdharau.

Haya, lete viganja vyako nikutemee mate ya baraka, kama Umau alivyonitemea mimi asubuhi ile ya safari, mimi niliyekuwa nimeharibu kila kitu. Mungu akupe pua ya kunusa kilicho chema kwa wenzako, na asali yako isikose wa kuianza wala wa kuimaliza.